Saratani ya Mapafu Baada ya Kisu: Protini za Uvimbe Zinatabiri Nini?

Uvimbe umetolewa wote. Kingo za kipande kilichokatwa hazina saratani, mitoki ya kifuani ni safi, na ripoti ya patholojia imeandika daraja la kwanza. Daktari mpasuaji amefanya kazi yake barabara. Hata hivyo, mgonjwa akimuuliza kama amepona, jibu la kweli ni kwamba hakuna ajuaye.

Tulichonacho ni hesabu za makundi. IASLC, chama cha kimataifa cha wataalamu wa saratani ya mapafu, kilichambua kumbukumbu za wagonjwa karibu 95,000 kutoka nchi 16 kabla ya kutoa toleo la nane la TNM, mfumo wa kuipanga saratani kwa madaraja. Miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji, wenye uvimbe usiozidi sentimita moja, yaani daraja la IA1, asilimia 90 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Daraja la IB, ambako uvimbe huwa na sentimita tatu hadi nne, ni asilimia 73. Daraja la IIB ni 56, na IIIA ni 41. Tazama hiyo IB peke yake. Katika kila watu 100, zaidi ya robo hawatafika mwaka wa tano. Baadhi watauawa na moyo au mapafu yaliyochakazwa na sigara, lakini wengi watauawa na saratani iliyorudi. Waliobaki, wengi wao walikuwa wamepona tangu siku walipotoka chumba cha upasuaji. Ukiweka vipande vyao chini ya hadubini, makundi hayo mawili yanafanana sana.

Hapo ndipo tibakemikali inapoingia, na ugumu unaanzia hapo hapo. Jaribio kubwa lijulikanalo kama IALT, lililochapishwa mwaka 2004, liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,867 waliokwisha kupasuliwa: kundi moja likapewa dawa zenye sisplatini, jingine likafuatiliwa tu. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 44.5 ya waliopewa dawa na asilimia 40.4 ya wasiopewa. Wagonjwa saba waliuawa na dawa yenyewe. Miaka minne baadaye uchambuzi wa LACE uliunganisha majaribio matano yenye wagonjwa 4,584 na kupata faida ya pointi 5.4. Kwa hesabu ya wodini, inabidi kutibu watu kumi na tisa hivi ili mmoja zaidi afike mwaka wa tano. Hao wengine kumi na wanane watatapika, masikio yatavuma, figo zitatikisika, vidole vitakufa ganzi; baadhi yao walikwisha kupona kabla ya dripu ya kwanza, na baadhi watakufa hata wakipewa. Kwa daraja la IA, LACE ilionyesha dawa ikielekea kudhuru kuliko kusaidia.

Basi mtu akija na kipimo cha rangi kwenye slaidi na kusema kinaweza kumtambua yule mmoja kati ya kumi na tisa, ni nani asiyetaka kumsikiliza? Kwa zaidi ya miaka thelathini watafiti wamekuja na vipimo vya namna hiyo kwa mamia. Vilivyobaki mikononi mwa madaktari vinahesabika kwa vidole. Kwa maoni yangu sababu kubwa ya pengo hilo haimo ndani ya saratani. Imo katika namna tulivyopima, tulivyohesabu, na zaidi ya yote katika swali tulilouliza.

Upimaji wenyewe si mgumu kuueleza. Kipande cha uvimbe hulowekwa kwenye fomalini, kikazamishwa ndani ya nta, kikakatwa utando mwembamba kuliko unywele na kulazwa juu ya kioo. Kisha hupakwa kingamwili iliyotengenezwa ili ishike protini moja tu kati ya maelfu yaliyomo. Ikishika, kemikali nyingine huacha rangi ya kahawia mahali hapo. Mtaalamu wa patholojia hukadiria kwa macho ni asilimia ngapi ya seli zimepata rangi, na imekolea kiasi gani. Wengine huzidisha hivyo viwili na kupata alama kati ya 0 na 300. Kipimo hiki ni cha bei nafuu ukilinganisha na kusoma jeni, hakihitaji mashine kubwa, na kinaweza kufanyika kwenye bloki za nta zilizokaa kabatini miaka kumi. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyofanya utafiti uwe rahisi mno. Ukiwa na kabati la bloki za zamani, daftari la nani alikufa lini, na chupa ya kingamwili, tayari una makala.

Makala zikaja. Ki-67 ni protini inayoonekana katika seli zilizo kwenye mzunguko wa kugawanyika na kutoweka seli inapopumzika. Kingamwili yake ilitengenezwa mjini Kiel, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1983. Namba 67 ilikuwa ya kishimo cha sahani ya maabara kilichoizaa. Seli zenye Ki-67 zikiwa nyingi, uvimbe unakua haraka, na tafiti nyingi za saratani ya mapafu zilikuta wagonjwa wa namna hiyo wakifa mapema. Hadi hapo mambo yanakwenda sawa na akili.

p53 ilileta utata zaidi. Ni mlinzi wa seli, na katika seli yenye afya huvunjwa upesi kiasi kwamba rangi haionekani. Jeni yake ikiharibika, protini mbovu hurundikana na slaidi huwa kahawia tupu. Kwa hiyo rangi nyingi zilichukuliwa kuwa dalili mbaya, na katika jaribio la Kanada liitwalo JBR.10, uchambuzi wa mwaka 2007 ulikuta kwamba wenye p53 nyingi ambao hawakupewa tibakemikali walifanya vibaya zaidi. Lakini kuna aina ya uharibifu inayoifuta protini yote. Uvimbe wa aina hiyo hautoi rangi yoyote, na kwa macho unafanana na uvimbe ambao p53 yake ni nzima. Slaidi nyeupe inaweza kuwa habari njema au habari mbaya kabisa, na kwa miaka mingi zote mbili ziliandikwa kwenye safu moja: hasi.

Bcl-2 ndiyo iliyonifanya niache kuamini hoja za mezani. Kazi yake ni kuizuia seli isijiue. Mtu yeyote angetarajia kwamba uvimbe wenye Bcl-2 ni mkaidi na mwenyewe atakufa mapema. Mwaka 1993 utafiti wa wagonjwa 122 waliopasuliwa, uliochapishwa katika New England Journal of Medicine, ulikuta kinyume chake: wenye Bcl-2 waliishi zaidi, hasa wenye saratani ya aina ya skwamasi. Tafiti zilizokusanywa baadaye zikaelekea huko huko. Yapo maelezo kadhaa ya jambo hilo, na yote yalitafutwa baada ya matokeo kujulikana.

Orodha iliendelea: HER2, EGFR, saiklini mbalimbali, protini za mishipa mipya ya damu, protini zinazoyeyusha kuta za tishu ili saratani ipenye. Karibu kila moja ilitangazwa kuwa inatabiri. Hilo lenyewe lilipaswa kutushtua. Mwaka 2007 watafiti Kyzas, Ioannidis na wenzao walipitia makala zaidi ya 1,900 za viashiria vya saratani za kila aina na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 90 zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Protini hazitabiri kwa wingi huo. Kinachotokea ni kwamba utafiti uliokuta kitu huandikwa, na utafiti usiokuta kitu hulala kwenye droo.

Ufundi mwingine wa kujidanganya ulieleweka hata mapema zaidi. Rangi kwenye slaidi huja kwa viwango: asilimia 3 ya seli, 18, 40, 75. Ili kuwagawa wagonjwa makundi mawili lazima uchague mpaka. Mtafiti akijaribu mipaka yote na kuutumia ule unaoyatenganisha makundi vizuri kuliko mingine, atapata tofauti hata kwa kiashiria kisicho na maana yoyote. Douglas Altman, mtakwimu wa Uingereza, na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba kwa mtindo huo hatari ya kupata jibu la uongo hupanda kutoka asilimia 5 hadi kufikia 40 hivi. Ndiyo maana ukisoma makala za Ki-67 katika saratani ya mapafu utakuta mmoja ameweka mpaka chini kabisa, mwingine juu sana, wa tatu ametumia wastani wa wagonjwa wake mwenyewe, na wote watatu wanadai wamethibitishana. Mwaka 2005 ulitoka mwongozo wa REMARK, ambao Altman alikuwa mmoja wa waandishi wake, ukiwataka watafiti waeleze wazi walichagua wagonjwa vipi, mpaka uliwekwa lini, na vipimo vilifanywaje. Ni mwongozo mzuri. Watafiti wengi wameutaja kuliko walioufuata.

Hata utafiti uliofanywa kwa uaminifu unaweza kujibu swali lisilo sahihi. Kuna kiashiria kinachosema saratani hii ina tabia gani ikiachwa ilivyo, na kuna kiashiria kinachosema dawa hii itafanya kazi au haitafanya. Cha kwanza kinaweza kupatikana kwa kufuatilia kundi moja la wagonjwa. Cha pili hakipatikani bila kulinganisha waliopewa dawa na wasiopewa, waliogawanywa kwa bahati nasibu, ndani ya wenye protini na ndani ya wasio nayo. Mgonjwa anayeambiwa "Ki-67 yako iko juu" amepewa jibu la kwanza. Daktari akimwandikia sisplatini kwa sababu hiyo, amelichukua jibu la kwanza na kulitumia kwa swali la pili. Uvimbe unaokua haraka hauwi kwa sababu hiyo tu uvimbe unaosikia dawa.

Hakuna mahali ambapo mambo haya yalijitokeza yote kwa pamoja kama katika historia ya ERCC1, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua.

Sisplatini huua seli kwa kujishikiza kwenye DNA na kuifunga visivyo. ERCC1, ikishirikiana na mwenzake XPF, ni mkasi unaokata sehemu iliyoharibika ili iwekwe mpya. Wazo likawa jepesi: uvimbe wenye ERCC1 utajikarabati na dawa itapotea bure, uvimbe usio nayo utakufa. Mwaka 2006 watafiti wa Institut Gustave Roussy, karibu na Paris, wakichukua vipande 761 vya wagonjwa wa IALT, walipaka kingamwili iitwayo 8F1. Asilimia 44 ya vimbe vilikuwa na ERCC1. Wasiokuwa nayo walifaidika na tibakemikali: hatari yao ya kufa ilipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Waliokuwa nayo hawakufaidika. Tena, kati ya wagonjwa walioachwa bila dawa, wenye ERCC1 ndio walioishi zaidi, pengine kwa sababu uvimbe unaokarabati DNA yake vizuri hukusanya makosa machache. Protini moja, habari njema kwa swali la kwanza na habari mbaya kwa swali la pili. Na safari hii data zilitoka kwenye jaribio la bahati nasibu, kama inavyotakiwa.

Ilikuwa kazi safi, na nadhani ndiyo maana anguko lake linafundisha zaidi. Tayari mwaka 2007 wanasayansi wa ukarabati wa DNA waliandika kuonya kwamba 8F1 haishiki ERCC1 peke yake. Baadaye ilikuja kubainika kwamba hushika pia protini nyingine isiyohusika kabisa na DNA, kimeng'enya cha kutengeneza mafuta ya utando wa seli. Maabara na majaribio ya tiba, wakati huo, yalikuwa yakiendelea kuitumia.

Mwaka 2013 kituo kile kile cha Ufaransa kilichapisha ukaguzi wa kazi yake. Walichukua wagonjwa 494 kutoka majaribio mengine mawili, JBR.10 na CALGB 9633, wakapaka 8F1, na utabiri haukujirudia. Wakarudi kwenye vipande vya zamani vya IALT vyenyewe, wakavipaka upya, na majibu hayakufanana na ya mwaka 2006. Vipande ni vile vile, jina kwenye chupa ni lile lile. Kingamwili iliyomo ndiyo iliyokuwa imebadilika kati ya fungu moja la kiwandani na jingine. Ni sawa na kununua bizari kwa muuzaji mwingine kisha kushangaa mbona pilau haina harufu ya jana. Wakajaribu kingamwili 16 za ERCC1 zilizokuwa zikiuzwa sokoni. Wakagundua tatizo la ndani zaidi: jeni ya ERCC1 hutoa protini za maumbo manne, na ni umbo moja tu linaloweza kukarabati madhara ya sisplatini kikamilifu. Hakuna hata kingamwili moja kati ya hizo 16 iliyoweza kulitofautisha umbo hilo na mengine.

Fikiria maana yake kwa mgonjwa. Katika miaka ile saba palikuwa na hospitali, hasa Ulaya na Marekani, zilizopima ERCC1 na kuegemea majibu hayo. Huenda wapo watu walionyimwa tibakemikali ambayo ingewasaidia, kwa sababu ya rangi ya kahawia iliyotoka kwenye protini isiyohusika. Jaribio la Uingereza lililowagawa wagonjwa wa saratani iliyokwisha kusambaa kwa kufuata ERCC1, lililochapishwa mwaka 2017, halikukuta manufaa ya kuitumia kuchagua dawa. Wafaransa wanastahili heshima kwa kujikosoa hadharani. Si wengi wanaoichunguza upya makala iliyowapa jina. Wazo la awali, kwamba ukarabati wa DNA unaamua nguvu ya sisplatini, huenda ni kweli hadi leo. Halikukanushwa. Halikuwahi kupimwa, maana kifaa kilikuwa kinapima kitu kingine.

Sasa tuangalie kilichofaulu. ALK ni protini ambayo kwa mtu mzima kazi yake iko kwenye mfumo wa neva, na mapafu yenye afya hayana. Mwaka 2007 Hiroyuki Mano na wenzake nchini Japani waligundua kwamba katika sehemu ndogo ya saratani za mapafu jeni mbili, EML4 na ALK, huungana, na protini itokayo hapo huisukuma seli igawanyike bila kukoma. Wagonjwa wa namna hii ni kama asilimia tano, wengi wao hawajawahi kuvuta sigara na ni vijana kuliko wagonjwa wengine. Kingamwili ya D5F3 iliidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ajili ya kuwatambua. Kisha jaribio la ALINA, la mwaka 2024, liliwachukua wagonjwa 257 waliokwisha kupasuliwa na kuwapa nusu yao vidonge vya alektinibu, nusu tibakemikali ya kawaida. Katika daraja la II na IIIA, baada ya miaka miwili asilimia 93.8 ya waliomeza alektinibu walikuwa hawajaona saratani ikirudi wala hawajafa. Kwa tibakemikali ilikuwa asilimia 63.

Ukilinganisha na ERCC1, tofauti haiko kwenye ubora wa hadubini. ALK ipo au haipo. Tishu inayoizunguka haina, hivyo hakuna mabishano ya mpaka uwe asilimia 10 au 30. Na protini inayopimwa ndiyo hiyo hiyo inayopigwa na dawa. Hakuna mlolongo mrefu wa kubahatisha kati ya rangi kwenye kioo na kidonge mkononi. EGFR inatoa ushahidi wa upande wa pili. Kupima wingi wa protini yake kwa rangi hakukutusaidia kuwachagua wagonjwa wa upasuaji. Kilichosaidia ni kusoma mabadiliko ndani ya jeni yake. Waliokuwa na mabadiliko hayo wakapewa dawa ya osimetinibu katika jaribio la ADAURA, asilimia 88 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 78 ya waliopewa dawa bandia. Wingi wa protini na ubovu wa protini ni mambo mawili, na rangi huona la kwanza tu.

PD-L1 iko katikati, na ni hapa ambapo leo madaktari wanabishana kwa dhati. Ni protini ambayo uvimbe huivaa ili kuzituliza seli za kinga zisiushambulie. Dawa za tibakinga huondoa utulizaji huo, kwa hiyo uvimbe wenye PD-L1 nyingi unapaswa kufaidika zaidi. Jaribio la IMpower010, mwaka 2021, lilikubali: dawa ya tibakinga atezolizumabu, baada ya upasuaji na tibakemikali, ilisaidia wenye PD-L1 kuanzia asilimia moja, na waliofaidika sana ni wa asilimia 50 kwenda juu. Marekani ikaidhinisha kuanzia asilimia 1. Ulaya ikaidhinisha kuanzia 50. Mgonjwa mwenye asilimia 20 alistahili dawa New York na hakuistahili Madrid, kwa data zile zile.

Mwaka uliofuata likaja jaribio la KEYNOTE-091 na dawa ya jamii hiyo hiyo, pembrolizumabu, kwa wagonjwa 1,177. Kwa ujumla dawa ilichelewesha kurudi kwa saratani. Lakini kwa wale wa asilimia 50 na zaidi, ambao kila mtu aliwatarajia wang'are, tofauti haikufikia uzito wa kitakwimu. Mwanzoni mwa 2023 Marekani iliiruhusu dawa hii bila kujali PD-L1. Majaribio mawili, dawa mbili za ukoo mmoja, protini moja, na majibu yanayokinzana juu ya maana ya protini hiyo. Wapo wanaosema ni bahati mbaya ya takwimu katika kundi dogo, na huenda wana haki. Mimi naona linatosha kumzuia daktari asimwambie mgonjwa wa asilimia 60 kwamba ana hakika ya kufaidika.

Kingamwili pia zilileta usumbufu wao, ingawa safari hii somo la ERCC1 lilikuwa limeeleweka. Mradi wa Blueprint uliweka vipimo vya PD-L1 kwenye uvimbe ule ule na kukuta kwamba 22C3, 28-8 na SP263 hukubaliana kwa karibu, wakati SP142 hupaka seli chache zaidi za saratani. Angalau sasa ripoti inapaswa kutaja jina la kingamwili.

Tatizo jingine haliwezi kuondolewa na kingamwili yoyote. Uvimbe haufanani kila mahali. Mradi wa TRACERx wa Uingereza, unaoongozwa na Charles Swanton, ulichukua sampuli kutoka sehemu kadhaa za uvimbe mmoja kwa mgonjwa mmoja, na matokeo ya wagonjwa 100 wa kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha matawi tofauti ya saratani yakiishi jirani ndani ya pafu moja. Tafiti nyingi za protini zilitumia vipande vya upana usiofika hata milimita moja, vilivyochomolewa kwenye bloki na kupangwa mamia kwenye slaidi moja ili kuokoa muda. Kipande hicho kinaweza kuwa kimetoka kwenye tawi lisilo na hatia.

Je, vipi kuhusu kupima damu badala ya kipande? CEA, protini inayopimwa kwenye damu, iligunduliwa Montreal mwaka 1965 katika saratani ya utumbo mpana, na bado inapimwa kila siku kwa sababu ni rahisi. Mwaka 2004 timu ya Kijapani ilichambua upasuaji 1,000 wa saratani ya mapafu ya daraja la kwanza na kukuta kwamba CEA iliyo juu kabla ya upasuaji ni dalili mbaya, na ikibaki juu baada ya upasuaji ni mbaya zaidi. Hilo la pili lina mantiki ninayoikubali: uvimbe umetoka, protini ilitakiwa ishuke ndani ya wiki chache, haikushuka, basi kuna mahali inapotengenezwa. Dosari yake ni kwamba uvutaji sigara wenyewe huipandisha, na wagonjwa hawa wengi ni wavutaji. CYFRA 21-1, kipande cha protini ya mifupa ya seli, ina historia inayofanana na hiyo.

Wanaotaka kupima protini zote kwa pamoja wamekwisha kuanza. Mwaka 2020 kundi la Marekani lilichambua vimbe 110 vya adenokarsinoma, aina mojawapo ya saratani ya mapafu, kwa mashine za kupima uzito wa molekuli, na kundi la China likafanya hivyo kwa wagonjwa 103, wakiona maelfu ya protini badala ya moja. Kazi hizi zinapendeza, na zinafichua aina ndogo za saratani ambazo jeni pekee hazionyeshi. Lakini ukiwa na maelfu ya protini na wagonjwa mia moja, mtego alioueleza Altman unakuwa shimo.

Wakati huo huo, hadubini ya kawaida na rangi mbili za kawaida, zile zambarau na waridi, zimeendelea kushinda vipimo vingi vya bei. Mwaka 2020 IASLC ilipendekeza madaraja ya adenokarsinoma yanayotegemea umbo tu: uvimbe wenye asilimia 20 au zaidi ya mpangilio mbaya wa seli unaingia daraja la tatu, na wagonjwa wake hufanya vibaya. Hakuna kingamwili. Kinachohitajika ni mtaalamu mwenye muda wa kutazama slaidi zote, na mpasuaji aliyetoa mitoki ya kutosha ili daraja la TNM liwe la kweli. Kiashiria kipya kinachodai kutabiri kilipaswa kwanza kuonyesha kinaongeza nini juu ya hivyo viwili. Vingi havikuulizwa.

Afrika Mashariki swali lote hili huja likiwa limegeuzwa. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hufika wakati upasuaji hauwezekani tena, na sehemu ya ucheleweshaji huo inajulikana: kikohozi, kukonda na kivuli kwenye eksirei huanzishiwa dawa za TB, wakati mwingine bila makohozi kuthibitisha, na miezi inapita. Kwa hiyo wachache wanaofikia kisu ni wa thamani kubwa kitabibu, na kila bloki ya nta inahesabika. Hospitali kubwa za rufaa za Nairobi na Dar es Salaam zina uwezo wa kupaka kingamwili. Bajeti ya kingamwili ndiyo finyu. Kwa uzito wa ushahidi nilioupitia, ningeanza na zile zinazotofautisha adenokarsinoma na skwamasi, nifuatishe ALK, na jeni ya EGFR palipo na njia ya kuisoma, kisha PD-L1 mahali ambapo tibakinga inapatikana kweli na si kwenye mwongozo tu. Ki-67, p53 na Bcl-2 kwa uvimbe wa aina hii nisingezinunua kwa ajili ya kumwamulia mgonjwa tiba baada ya upasuaji.

Kabla ya chupa yoyote kufunguliwa kuna kazi isiyohitaji fedha za kigeni. Kipande kinatakiwa kiingie kwenye fomalini iliyosawazishwa asidi yake mara tu kinapotoka kifuani, kikae humo kati ya saa 6 na 72, na saa hizo ziandikwe. Kilichoachwa kwenye beseni hadi jioni, au kilichosafirishwa wiki nzima kutoka mkoani kwenye fomalini chakavu, kitaonyesha protini hafifu hata kama uvimbe ulikuwa nazo tele, na hakuna mtaalamu atakayeweza kusema ni lipi lililotokea. Ripoti itakayotaja muda huo, jina la kingamwili, namba ya fungu lake na tishu ya kulinganishia iliyopakwa siku hiyo itaweza kusomwa na hospitali nyingine miaka kumi baadaye, dawa nyingine itakapokuja kuuliza swali jipya kwenye bloki ile ile.